Ng'ambo Mbili za Kanał: Filamu ya Wajda Mbele ya Wahakiki wa Nje, 1957

Msichana anamkokota mwanamume aliyejeruhiwa ndani ya mfereji wa majitaka. Wamepotea kwa saa nyingi. Tope limempanda msichana mpaka kwenye nywele; mwenzake ana homa kali na macho yake yameanza kupoteza nuru. Mbele unachomoza mwanga. Wanausogelea, nao unazidi kukua, maji yanaanza kumetameta. Kisha tunaona kile ambacho msichana amekwisha kukiona: mdomo wa mfereji umezibwa kwa nondo nene. Nje ya nondo kuna mto, na ng'ambo ya mto kuna ukingo mtupu. Kamera inautazama ukingo ule bila haraka. Hakuna mtu, na wala hakuna anayesema neno juu yake. Msichana anamwegemeza mwenzake na kumficha kwamba njia imeishia hapo.

Mto ule ni Vistula, na mji uliopo juu ya vichwa vyao ni Warsaw, mwishoni mwa Septemba 1944. Filamu inaitwa Kanał, yaani mfereji. Aliiongoza Andrzej Wajda, ikaanza kuonyeshwa Polandi tarehe 20 Aprili 1957, na majuma machache baadaye ikapelekwa kwenye Tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Huko ilitunukiwa Tuzo Maalumu ya Majaji, na tangu siku hiyo ulimwengu ukaanza kuizungumzia sinema ya Polandi kama kitu chenye sura yake.

Kisa ninachokichambua hapa ni hiki: watu wa Warsaw na wahakiki wa nje waliutazama ukingo uleule wa mto, na kila upande ukaona jambo lake. Kiswahili kina neno linalolibeba jambo hili vizuri kuliko lugha nyingi. Ng'ambo ni upande wa pili wa mto, na ng'ambo ni nchi za mbali. Filamu hii ilikuwa na ng'ambo zote mbili.

Kilichokuwa ng'ambo ya mto

Tarehe 1 Agosti 1944, Armia Krajowa, jeshi la siri lililotii serikali ya Polandi iliyokuwa uhamishoni London, liliinuka dhidi ya Wajerumani mjini Warsaw. Lilitarajia mapigano ya siku chache, maana jeshi la Kisovieti lilikuwa linakaribia kutoka mashariki. Mapigano yalidumu siku 63. Raia waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 150,000 na 200,000. Katikati ya Septemba wanajeshi wa Kisovieti na Wapolandi waliopigana chini yao walishika Praga, sehemu ya mji iliyopo ukingo wa mashariki. Kutoka pale unaona moshi wa upande wa pili kwa macho yako. Vikosi vichache vya Wapolandi vilijaribu kuvuka, vikapata hasara kubwa. Jeshi kubwa halikuja. Tarehe 2 Oktoba waasi wakasalimu amri, na Wajerumani wakaanza kuubomoa mji nyumba kwa nyumba.

Baada ya vita, wale waliosimama ng'ambo ya mto ndio walioamua nani atawale. Askari wa Armia Krajowa walionusurika walifungwa, wengine wakauawa, na kwa miaka mingi jeshi lao lilitajwa hadharani kwa kutukanwa tu. Kuzungumzia mapigano ya 1944 kulikuwa hatari. Kuuliza kwa nini mto haukuvukwa kulikuwa hatari zaidi.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayo njia ya karibu ya kuelewa uchungu huu. Wakati Warsaw inaungua, Tengeru karibu na Arusha kulikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, na nyingine zilikuwa Masindi na Koja, Uganda. Walikuwa wengi wao wanawake na watoto. Hawakufukuzwa na Wajerumani: Wasovieti ndio waliowabeba kwa mabehewa kutoka mashariki ya Polandi mwaka 1940 na 1941 kuwapeleka Siberia na Asia ya Kati, na baada ya kutoka huko wakapitia Iran hadi huku kwetu. Makaburi yao yapo Tengeru mpaka leo. Kwa watu kama hao, ukingo mtupu wa mto haukuhitaji maelezo.

Jinsi filamu ilivyowezekana

Stalin alikufa 1953. Juni 1956 wafanyakazi wa Poznań waliandamana, wakapigwa risasi. Oktoba mwaka huohuo Władysław Gomułka, kiongozi wa kikomunisti aliyekuwa amewekwa kando, akarudi madarakani na hewa ikalegea. Sinema ilikuwa mali ya dola tangu 1945, lakini kuanzia 1955 utengenezaji ulikabidhiwa vikundi vya wasanii vyenye uhuru wa kiasi. Kanał ilitengenezwa na kikundi cha Kadr, kilichoongozwa na Jerzy Kawalerowicz. Hadithi ni ya Jerzy Stefan Stawiński, ambaye aliwahi kuwa kamanda katika mapigano yale na kupita mwenyewe ndani ya mifereji ya majitaka kutoka mtaa wa Mokotów. Wajda alikuwa na umri wa miaka 31. Baba yake, afisa wa jeshi, aliuawa na Wasovieti mwaka 1940 katika mauaji yanayojulikana kwa jina la Katyń, jambo ambalo mwanawe hakuweza kulitaja kwenye filamu yoyote kwa miongo mitano.

Mifereji tunayoiona ilijengwa studio, Łódź. Mpigapicha Jerzy Lipman aliitia mwanga mdogo unaotoka pembeni au juu, kwa hiyo nyuso zinazuka gizani na kuzama tena. Mwanzoni, juu ya ardhi, kamera inaandamana na kombania ya Luteni Zadra inayopita kwenye vifusi, na sauti ya msimulizi inawatambulisha mmoja mmoja. Walikuwa 70, sasa wamebaki 43. Kisha msimulizi anatuambia tuwatazame vizuri, kwa kuwa hizi ndizo saa za mwisho za maisha yao. Mwongozaji amekwisha kutunyang'anya tumaini kabla hata hatujamjua mtu. Kinachobaki ni kuwatazama wanavyokufa.

Nao wanakufa vibaya. Mtunzi wa muziki aliyefuatana na kikosi anapoteza akili, anatangatanga akipiga okarina, ile filimbi ndogo ya udongo, huku akighani beti za Jehanamu ya Dante, mshairi wa kale wa Italia. Askari mmoja anatoka shimoni akidhani ameokoka, anajikuta mbele ya Wajerumani. Mwingine anategua mabomu ya mkono yaliyotegwa kwenye mlango wa kutokea; la mwisho linamlipukia. Zadra mwenyewe anafika juu, kwenye hewa safi, na nyuma yake yupo sajenti mmoja tu, mwenye jina la siri la Kula, neno ambalo kwa Kipolandi ni risasi. Njia nzima sajenti huyo amekuwa akimhakikishia kwamba kombania inafuata. Zadra anapogundua kuwa wale wengine waliachwa zamani, anampiga risasi. Kisha anageuka na kushuka tena shimoni, kwenda kuwatafuta watu ambao sisi tunajua hatawapata.

Nyumbani: mcheza kwao hakutunzwa

Watu wa Warsaw waliojaza kumbi mwaka 1957 walikuwa mama, wajane na ndugu za waliokufa, pamoja na wapiganaji wenyewe waliotoka magerezani juzijuzi. Miaka kumi na tatu walisubiri vijana wao watajwe kwa heshima. Wakaletewa majitaka, wendawazimu, uongo wa sajenti na kifo kisicho na shangwe. Wahakiki wengi wa nyumbani hawakuwa wapole. Wajda alieleza baadaye kwamba watazamaji wale walitaka kuona ushindi wa kimaadili na wa kiroho wa wapendwa wao, naye akawaonyesha kifo ndani ya mfereji.

Siwezi kuwalaumu. Mtu aliyempoteza mwanawe katika mfereji kama ule haendi sinema kutafuta ustadi wa mwanga. Lakini watazamaji haohao ndio waliokuwa na ufunguo wa filamu nzima. Wajda hakuruhusiwa kuonyesha jeshi lililokaa likitazama. Aliweza kuonyesha ukingo wa mto tu, akijua kwamba kila Mpolandi aliyeketi kwenye giza la ukumbi angeujaza mwenyewe. Mdhibiti wa dola, mkaguzi wa filamu, hana mkasi wa kukata kitu ambacho hakimo kwenye picha. Kwa hiyo hasira na uelewa vilikaa kwenye kiti kimoja: waliochukizwa na filamu walikuwa ndio walioisoma mpaka mwisho.

Cannes, Mei 1957

Tamasha lilifanyika kuanzia tarehe 2 hadi 17 Mei. Zama hizo filamu za mashindano zilichaguliwa na serikali za nchi zenyewe, kwa hiyo Kanał ilifika Cannes ikiwa imetumwa na dola ileile iliyowafunga askari wanaosimuliwa ndani yake. Tamasha lilikuwa uwanja wa diplomasia kama lilivyokuwa wa sanaa. Mwaka mmoja kabla, Nuit et brouillard ya Alain Resnais, filamu fupi kuhusu kambi za mauaji, ilitolewa kwenye mashindano ili Ujerumani Magharibi isikasirike.

Jopo la majaji liliongozwa na mwandishi André Maurois, na Jean Cocteau akiwa rais wa heshima. Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha, ilikwenda kwa filamu ya Kimarekani, Friendly Persuasion ya William Wyler. Robert Bresson alipata tuzo ya mwongozaji kwa kisa cha mfungwa anayetoroka gereza la Wajerumani. Tuzo Maalumu ya Majaji iligawanywa: nusu kwa Kanał, nusu kwa filamu ya Ingmar Bergman kuhusu shujaa wa zama za kati anayecheza sataranji na Mauti.

Ujirani ule na Bergman ulifanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukiwa Mfaransa mwaka 1957, umetoka kumtazama Bergman, umesoma Sartre na Camus miaka kumi mfululizo, kisha unaonyeshwa watu wanaotambaa gizani kuelekea mwanga uliozibwa kwa nondo, utaona nini? Utaona udhanaishi, ile falsafa ya Sartre na Camus: binadamu aliyetupwa ulimwenguni bila mlango wa kutokea. Kuna Dante, tena anatajwa kwa jina, kwa hiyo utaona Jehanamu. Huko ndiko usomaji wa nje ulikoelekea: kifo, hatima, giza, laana ya vita kwa jumla. Vita vile vilikuwa vya mji gani na ulioachwa na nani, halikuwa swali la kwanza.

Msambazaji wa Ufaransa naye akaongeza mkono wake. Alilitupa neno mfereji, akaibandika filamu jina la Ils aimaient la vie, yaani Waliyapenda Maisha. Si jina la uongo. Ndani ya mfereji yupo Stokrotka, msichana yule wa nondo, aliyewahi kuandika ukutani kwamba anampenda Jacek, na Jacek ndiye majeruhi anayemkokota. Wanapopita hapo, kijana haoni vizuri, anamwomba amsomee maandishi. Msichana anamsomea jina la mwanamume mwingine. Ni dakika moja ya mapenzi inayoumiza kuliko mabomu, na haihitaji historia ya Polandi kueleweka. Mfaransa aliyelipa tiketi kutazama watu walioyapenda maisha alipata alichoahidiwa. Lakini jina la Kipolandi lilikuwa limekuelekeza kwenye mahali, na jina la Kifaransa likakuelekeza kwenye hisia. Safari ya filamu nzima kutoka Warsaw hadi Cannes imo katika mabadiliko hayo.

Je, hawakujua?

Hapa ndipo wachambuzi wengi husema wahakiki wa Magharibi hawakuwa na habari. Mimi sikubali. Habari za Warsaw zilikuwa magazetini mwaka 1944. Septemba ya mwaka huo George Orwell aliandika katika jarida la Tribune la London, akiwashutumu waandishi wa Uingereza wa mrengo wa kushoto kwa jinsi walivyokuwa tayari kurudia maelezo ya Moscow kuhusu mapigano yale. Mtu mzima aliyekaa ukumbini Cannes alikuwa na nafasi ya kujua.

Naamini kilichotokea ni kwamba wengi hawakutaka kuusoma ukingo ule wa mto. Novemba 1956 vifaru vya Kisovieti vilikuwa vimeingia Budapest, Hungaria, kuzima uasi. Wasomi wa mrengo wa kushoto wa Paris walikuwa wamegawanyika na kuumia, na macho yao yakaelekea Warsaw, mji mkuu wa kikomunisti uliobadilika bila kumwagiwa damu kama Budapest. Walihitaji kuamini kwamba ujamaa unaweza kuzaa sanaa huru. Georges Sadoul, mwanahistoria mkubwa wa sinema na mwanachama wa Chama cha Kikomunisti cha Ufaransa, alikuwa amejenga jina kwa kuzitetea sinema za nchi hizo. Kwa watu wa mazingira hayo, Kanał ilikuwa ushahidi wa tumaini. Kuiona kama shtaka dhidi ya jeshi la Kisovieti kungewavunja mioyo tena.

Na tusisahau kwamba filamu yenyewe haikuwalazimisha. Ilitengenezwa ili isomeke kwa njia mbili, moja ipite kwa mdhibiti na nyingine imfikie jirani. Iliyopita kwa mdhibiti ndiyo iliyopanda treni kwenda Cannes. Wahakiki walisoma vizuri kile kilichokuwa wazi mbele yao; ustadi wa Lipman waliuona, uigizaji wa Teresa Iżewska na Tadeusz Janczar waliuona, na ujasiri wa kumnyima mtazamaji faraja waliusifu. Waliukosa mto tu. Ila mto ndio uliokuwa moyo wa jambo.

Tuzo iliporudi nyumbani

Sifa hii iliyokosa nusu ya filamu ilifanya kazi ambayo sifa iliyoelewa yote isingeweza kuifanya. Fikiria magazeti ya Paris na London yangeandika kwa herufi kubwa kwamba Kanał inaishitaki Moscow. Wajda angeponaje? Kwa kuwa walizungumzia Dante na hatima ya binadamu, wakubwa wa Warsaw waliweza kuipokea tuzo kama heshima ya taifa. Wajda akarudi na uzito ambao mhakiki wa nyumbani hakuweza tena kuupuuza, na mwaka uliofuata akatengeneza Popiół i diament, Majivu na Almasi, kutokana na riwaya ya Jerzy Andrzejewski.

Katika filamu hiyo kosa la ng'ambo likajirudia, safari hii kwenye miwani. Zbigniew Cybulski anamwigiza Maciek, kijana wa Armia Krajowa anayetumwa kumuua kiongozi wa kikomunisti siku vita vinapokwisha, Mei 1945. Maciek anavaa miwani ya giza usiku na mchana. Wahakiki wa Magharibi walifurahi: huyu hapa James Dean wa Polandi, mfano wa yule mwigizaji wa Kimarekani, kijana mkorofi wa kisasa. Sifa hiyo ilimfuata Cybulski mpaka alipokufa chini ya treni kituoni Wrocław, Januari 1967. Lakini msichana anapomuuliza Maciek sababu ya miwani, anajibu kwamba ni kumbukumbu ya mapenzi yasiyorudishwa kwa nchi yake, kwamba wakati wa mapigano alitembea mno ndani ya mifereji. Mtazamaji wa Warsaw aliposikia mifereji alishtuka kwenye kiti. Macho yale yaliharibikia chini ya barabara alizopita kuja sinema jioni ile. Kwa mgeni, yalikuwa mavazi.

Popiół i diament ilionyeshwa Venice mwaka 1959 nje ya mashindano, ikapata tuzo ya chama cha kimataifa cha wahakiki, FIPRESCI. Tayari Septemba 1958, London, kundi la Free Cinema lilikuwa limetenga programu nzima kwa filamu fupi za Kipolandi, ikiwemo ya mwanafunzi wa shule ya Łódź aliyeitwa Roman Polański. Mwaka 1961 Kawalerowicz akapata Cannes tuzo maalumu kwa Matka Joanna od Aniołów. Kila tamasha lilitaka Mpolandi wake.

Pia walitaka Mpolandi wa aina moja. Hili linanisikitisha zaidi kwa ajili ya Andrzej Munk, ambaye mwaka uleule wa 1957 alichukua maandishi ya Stawiński huyohuyo na kutengeneza Eroica, inayoutazama ushujaa wa Kipolandi kwa jicho kavu, ikimfuata mlanguzi mwoga anayeingia kwenye mapigano bila kutaka. Ni filamu inayosimama bega kwa bega na Kanał. Lakini kuelewa kwa nini inathubutu, lazima ujue kwanza Wapolandi walikuwa wanaabudu nini, na huko nje hilo halikutafsirika kirahisi kama giza la mfereji. Munk alikufa kwa ajali ya gari Septemba 1961, akiwa na miaka 39.

Juni 1960 sekretarieti ya Kamati Kuu ya chama ilitoa azimio la kuikosoa sinema ya nchi kwa kukata tamaa kwake na kwa kuiga mitindo ya Magharibi. Tuzo zilizokuwa ngao miaka mitatu kabla sasa zilianza kuhesabiwa kama ushahidi wa kosa. Chama kilikuwa kimechelewa kutambua kilichosomwa na raia wake siku nyingi.

Wajda aliishi muda wa kutosha kukifikia kilichokuwa ng'ambo ya mto. Mwaka 2007, miaka 50 baada ya Cannes, alitoa Katyń, kuhusu mauaji yaliyomchukua baba yake. Safari hii Wasovieti wamo ndani ya picha, kwa sare zao, kwa bastola zao, na hakuna kilichoachwa kwa mtazamaji kukijaza. Niliitazama kwa heshima. Lakini usiku niliporudi kulala, nilichokiona macho yakiwa yamefumba kilikuwa nondo zile, maji, na ukingo usio na mtu.